Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: chakula cha mgonjwa wa siliaki ni dawa yake

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mganga Mkuu,
Mkuu wa Idara ya Lishe na Jiko.

YAH: CHAKULA CHA WAGONJWA WA SILIAKI WANAOLAZWA WADINI

Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na waheshimiwa mliotajwa hapo juu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mgonjwa wenu. Nililazwa katika wadi ya mifupa kwa siku 9 baada ya kuvunjika mfupa wa paja, nikafanyiwa upasuaji, na mguu wangu ukaungwa vizuri kiasi kwamba leo natembea bila gongo. Kwa kazi hiyo nawashukuru madaktari na wauguzi, wala sitaki neno lolote la barua hii lisomwe kama shutuma juu ya mikono iliyonitibu. Ninacholalamikia ni chakula, na tayari nimekilalamikia faraghani kwa kila njia niliyoijua: nilimweleza muuguzi msimamizi nikiwa bado kitandani, nikajaza fomu katika ofisi ya malalamiko siku niliyoruhusiwa, kisha nikawaandikia ninyi barua mbili katika muda wa miezi saba. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba huduma ya chakula ya hospitali inakidhi viwango. Ndipo nikaamua kuandika hadharani, kwa kuwa najua siko peke yangu.

Nina ugonjwa wa siliaki. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), na katika ngano ndiyo inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia utando wa ndani, ule wenye vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hufupika hadi utando ukabaki bapa, na mtu anaweza kula akashiba huku mwili wake ukikosa madini ya chuma, kalisi na vitamini. Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya kila 100 duniani ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui kwamba wanao.

Mimi nilikaa miaka 14 bila kujua. Nilitibiwa upungufu wa damu, nikatibiwa vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo, nikaambiwa uchovu wangu unatokana na mawazo. Siku niliyovunjika mguu sikuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Nilijikwaa kwenye zulia ndani ya nyumba. Daktari wenu wa mifupa aliandika kwenye faili langu, kwa mwandiko wake, kwamba mifupa imedhoofika na kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni siliaki iliyochelewa kugunduliwa. Naomba mlishike hilo mnaposoma yanayofuata, kwa sababu maana yake ni kwamba hospitali ilijua tangu siku ya kwanza nina ugonjwa gani na umenifanya nini.

Ugonjwa huu hauna kidonge wala sindano. Tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, kwa maisha yote, na jambo hilo si geni kwa taaluma yenu. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London, alipouelezea ugonjwa huu, aliandika kwamba kama mgonjwa anaweza kupona basi atapona kwa njia ya chakula, ingawa hakujua ni chakula kipi kinachomdhuru. Aliyetoa jibu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ambaye alianza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, wagonjwa wake wadogo walipata nafuu, kisha wakazidiwa tena mkate uliporudi. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Tangu wakati huo, kwa mgonjwa kama mimi, anayeshika upawa jikoni anagawa dawa sawasawa na anayeshika sindano wadini. Madai yangu yote yanatoka hapo.

Yafuatayo ndiyo mambo ninayoyalalamikia.

1. Sahani iliyoondolewa mkate.

Siku ya pili baada ya upasuaji, mchana, mhudumu wa chakula alisimamisha troli kando ya kitanda changu. Juu ya kichwa changu palibandikwa kadi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: ASILE NGANO. Sahani aliyonipa ilikuwa na wali, maharage na kipande cha kuku, na juu ya wali palilazwa kipande cha mkate. Nilimwonyesha kadi. Alikuwa kijana mpole, akaomba radhi, akauchukua mkate kwa koleo na kunirudishia sahani ileile. Akaniambia, "Mama, nimeshautoa, sasa kula tu."

Pale mkate ulipolala palibaki alama ya mraba, na ndani ya ule mraba zilikuwamo chembe za ganda la mkate, za rangi ya kahawia, nyingine juu ya wali na nyingine zimezama katikati ya punje. Nilizihesabu hadi 17 nikaacha. Nilipomwita muuguzi wa zamu na kuomba sahani nyingine, alinijibu kwa upole kwamba kidogo hakidhuru.

Waheshimiwa, kidogo kinadhuru, na kiasi chake kinajulikana. Kipande cha kawaida cha mkate wa ngano kina gramu 2 au zaidi za gluteni. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa siliaki ulionyesha kwamba miligramu 50 tu kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuuharibu utumbo wa mtu aliyekuwa akifuata masharti. Miligramu 50 ni kama kukikata kipande hicho kimoja cha mkate vipande 40 vilivyo sawa, ukala kimoja. Kwa vyakula vinavyouzwa kwa jina la visivyo na gluteni, kiwango cha Codex Alimentarius, yaani mkusanyo wa viwango vya kimataifa vya chakula, hakiruhusu zaidi ya miligramu 20 katika kilo nzima ya chakula. Mlinijibu kwamba huduma yenu inakidhi viwango. Naomba mniambie ni kiwango kipi kinachoruhusu kuondoa mkate juu ya wali na kumpa mgonjwa ule wali.

Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyemfundisha, na alifanya kwa nia njema kile ambacho mtu yeyote asiyeelezwa angefanya. Maneno yale, "kidogo hakidhuru", niliyasikia kutoka kwa watu wanne katika siku 9, na mmoja wao alikuwa amevaa koti jeupe.

2. Jiko lisilojua linapika nini.

Kadi yangu ilisema ngano, haikusema gluteni. Kwa sababu hiyo siku ya tano asubuhi niliachiwa uji na kuambiwa kwa furaha kwamba umepikwa maalumu kwa ajili yangu, hauna ngano hata chembe. Nilikuwa na njaa, nikaamini, nikanywa vikombe viwili. Ulikuwa uji wa shayiri. Kufikia saa nane mchana nilikuwa natapika na kuharisha, na mguu wangu haukuweza kunipeleka popote. Yaliyofuata yalifanyika pale pale kitandani, nyuma ya pazia, katika wadi yenye watu wanane, nikiwa nainuliwa kila mara juu ya mshono mbichi wa siku chache. Muuguzi aliyenihudumia jioni ile alinishika mkono muda mrefu kuliko kazi yake ilivyomtaka, na sitamsahau. Lakini kwenye faili paliandikwa kwamba nimepata maambukizi ya tumbo.

Nilipouliza zaidi nikaelewa kwamba kosa la uji halikuwa bahati mbaya. Mchuzi uliotiwa unga wa ngano ili uwe mzito ulihesabiwa kuwa salama, kwa vile mkate hauonekani ndani yake. Vivyo hivyo viungo vya supu vya pakiti na mchuzi wa soya, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Upawa mmoja ulizunguka katika sufuria zote, viazi vilikaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaangia vyakula vilivyopakwa unga, na ubao uliokatiwa mkate ulifutwa kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuua vijidudu, kisha ukakatiwa matunda yangu. Gluteni haina uhai ili iuawe. Moto wa jikoni hauimalizi, dawa ya vijidudu haiigusi, na kinachoiondoa kwenye chombo ni kuoshwa vizuri kwa maji na sabuni. Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu yote yanarekebishika, na sehemu kubwa inarekebishika bila kununua kitu chochote.

3. Kanuni inayozuia chakula kutoka nje.

Baada ya ule uji sikuthubutu tena kula chochote kilichopakuliwa jikoni. Mume wangu alileta chakula kutoka nyumbani, akazuiliwa nacho mlangoni kwa kanuni ya kuzuia maambukizi. Naielewa kanuni hiyo na sina ugomvi na sababu yake. Ila hospitali inapomzuia mgonjwa kula chakula chake, inakuwa imebeba jukumu la kumpa kingine anachoweza kula, na jukumu hilo halikubebwa na mtu. Siku nne za mwisho niliishi kwa ndizi na mayai ya kuchemsha, ambayo niliyamenya mwenyewe, na katika siku hizo hizo mfupa ulikuwa unatakiwa kuanza kuunga.

4. Ushauri uliofuta ushahidi wa ugonjwa.

Hili linahusu zahanati yenu ya wagonjwa wa nje, na kwa mtazamo wangu ndilo zito kuliko yote, ingawa halikutokea mwilini mwangu.

Siliaki hurithiwa katika ukoo. Miongoni mwa ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, karibu 1 kati ya 10 huwa nao pia, hata kama hajisikii kuumwa. Kwa hiyo nilimhimiza mdogo wangu wa kike, ambaye ana upungufu wa damu usioisha, aje kupimwa kwenu. Daktari aliyempokea alimwambia aache kwanza vyakula vya ngano kwa miezi miwili aone kama atapata nafuu, kisha arudi apimwe damu. Alifanya hivyo kwa utiifu. Alipata nafuu, akarudi, akapimwa, majibu yakasema hana kitu.

Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza mtu anapokula gluteni. Akiiacha, kingamwili hizo hushuka, utumbo nao huanza kupona, na kipimo kinaweza kusema hakuna ugonjwa wakati upo. Utaratibu unaofahamika ni kupima kwanza, mgonjwa akiwa bado anakula ngano kama kawaida, kisha kwa kawaida kuthibitisha kwa kamera na vipande vidogo vinavyochukuliwa utumboni, na baada ya hapo ndipo masharti ya chakula yaanze. Pamoja na kingamwili zenyewe hupimwa pia jumla ya kingamwili za aina ya IgA, kwa kuwa wapo wagonjwa wanaozikosa kwa asili na kipimo chao hutoka safi kwa sababu hiyo tu. Jumla hiyo haikupimwa kwa mdogo wangu.

Sasa ili ajue ukweli inambidi arudi kula ngano kila siku kwa wiki kadhaa, aumwe upya, ndipo apimwe. Ana mtoto wa miezi minane anayemnyonyesha. Amesema hawezi, nami siwezi kumlazimisha. Hivyo anaishi bila jibu, na mwanawe naye hana jibu la mama yake la kumwongoza siku za mbele.

5. Dawa.

Nilipoomba famasia ithibitishe kama vidonge nilivyopewa vilitengenezwa kwa wanga wa ngano, nilijibiwa kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa. Nafahamu kwamba dawa nyingi hutumia wanga wa mahindi au wa viazi na kwamba hatari hapa ni ndogo. Nataka tu pawe na mtu wa kuangalia.

Najua mtanijibu nini, kwa kuwa majibu mengine nimeshayasikia.

Mtasema kwamba vyakula visivyo na gluteni ni ghali na bajeti haitoshi. Vilivyo ghali ni mikate na biskuti za kuigiza zile za ngano, nami sijawahi kuziomba. Mchele, mahindi, viazi, maharage, mayai, samaki, nyama, mboga na matunda havina gluteni tangu vinapotoka shambani, majini na zizini, na vyote mlikuwa navyo jikoni siku zile 9. Nilichokosa ni sufuria moja, upawa mmoja na ubao mmoja wenye alama yake, pamoja na mtu anayejua kwa nini vimetengwa.

Mtasema kwamba siku hizi watu wengi hujizuia ngano kwa mtindo tu, na mhudumu hawezi kutofautisha. Ni kweli kwamba wapo, na kila mtu ana haki ya kuchagua anachokula. Lakini mhudumu hakutakiwa kunitofautisha kwa kuniangalia uso. Utambuzi wa ugonjwa wangu ulikuwa kwenye faili, umesainiwa.

Mtasema pia kwamba mgonjwa wa aina hii angekuwa ameathirika sana tungeona mara moja, kama anavyoonekana mwenye mzio wa karanga anayevimba na kukosa pumzi. Siliaki haifanyi kazi hivyo. Wengine hutapika kama mimi, na wengine hawasikii chochote huku utumbo ukiendelea kuliwa taratibu, hadi siku wanapogundulika kwa mfupa uliovunjika, kwa mimba zinazoharibika, kwa ganzi ya miguu, na kwa wachache, kwa saratani ya limfu ya utumbo. Utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka kupona. Ukimya wa mgonjwa si kipimo cha usalama wa sahani yake.

Na mtasema kwamba wagonjwa wa siliaki hospitalini kwenu ni wachache. Kwa namna mnavyopima, wataendelea kuwa wachache.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na kwa msisitizo, mambo yafuatayo.

Naomba chakula cha mgonjwa wa siliaki kiandikwe kwenye karatasi ya dawa, kisainiwe anapopewa kama zinavyosainiwa dawa nyingine, na makosa yake yaripotiwe kama yanavyoripotiwa makosa ya dawa. Hili ndilo ombi kuu, na likitekelezwa mengine mengi yatafuata yenyewe. Naomba kadi ya kitandani iseme wazi: ASILE GLUTENI, HAKUNA NGANO, SHAYIRI WALA RAI, HATA CHEMBE, na kwamba oti zisitumike bila idhini ya mtaalamu wa lishe, kwa kuwa oti za kawaida huchanganyika na ngano shambani na kinuni, na wapo wagonjwa wachache ambao hata zilizo safi huwadhuru. Naomba vyombo vyenye alama vitengwe jikoni, chakula hicho kipikwe kwanza kabla unga haujafunguliwa, kifunikwe, na kipelekwe juu ya troli badala ya chini, mahali chembe za mikate huangukia. Naomba wapishi, wahudumu wa troli na wauguzi wafundishwe, na yule kijana awe wa kwanza. Pale jiko litakaposhindwa, ndugu waruhusiwe kuleta chakula kwa utaratibu mtakaouweka.

Kwa zahanati, naomba ubandikwe katika kila chumba cha daktari mwongozo wa mstari mmoja: pima kwanza, ndipo uzuie gluteni. Naomba pia watafutwe wale walioshauriwa kama mdogo wangu, majina yao yamo katika rejista zenu, waitwe na waelezwe kwamba majibu yao hayategemeki. Hili la mwisho halihitaji bajeti wala mafunzo; linahitaji mtu mmoja na siku chache.

Naomba nipate majibu ya maandishi, hoja kwa hoja, ndani ya siku 30. Niko tayari kuja kukaa na wapishi wenu, kuwaonyesha ninavyopika nyumbani na kuwaeleza niliyoyaona, wala sitadai malipo.

Kuna jambo moja linalonifanya nisiweze kuliacha suala hili hata kama ningetaka. Nimepangiwa kurudi kwenu, katika wadi ileile, kutolewa chuma kilichomo pajani. Daktari amesema nitalazwa usiku mbili au tatu. Naomba kabla ya tarehe hiyo nijulishwe nitakula nini.

Wenu kwa heshima,

Mgonjwa wa wadi ya mifupa, kitanda cha dirishani